Mtoto Akiunda Kifaru, Mwulize Chuma Amekitoa Wapi

Jumapili moja alasiri nilikuwa nikipita katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ngara, si mbali na barabara kuu iendayo Rusumo, nikaona watoto watano wamelala kifudifudi mavumbini, vichwa vimekutana, hakuna anayesema neno. Nikadhani wameona nyoka. Kumbe katikati yao palikuwa na kifaru.

Sisemi yule mnyama mwenye pembe puani. Nasema kifaru cha vita, kile kiendacho kwa minyororo. Urefu wake haukuzidi kiganja changu. Tumbo lake lilikuwa kopo la samaki, kichwa chake kilikuwa vifuniko viwili vya soda vilivyogandamizwa pamoja, na minyororo yake ilikuwa vipande vya ndara kuukuu vilivyokatwa meno meno kwa wembe. Mbele kilitokeza kijibomba cha shaba, ndio mzinga. Mwenye kifaru, mvulana wa darasa la nne, alikuwa amekipaka udongo mwekundu na madoa ya masizi ya chungu.

Nikamwuliza kifaru hiki ni cha jeshi la nchi gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Hakijatengenezwa bado, mwalimu," akasema. "Ni cha mwaka elfu tatu. Kinapita chini ya maji."

Nilicheka. Bibi yake hakucheka. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, naye akaniambia bila kuinua uso: "Huyo nimemwambia mdude wake usilale ndani ya nyumba yangu. Mimi vita nimeviona."

Basi nikaaga nikaenda zangu, lakini maneno ya yule mama mzee hayakuniacha. Je, ni vibaya mtoto kuchezea kifaru? Nimeuliza hapa na pale, nimesoma kidogo, na leo nawapa wasomaji yale niliyoyapata. Nawaonya mapema kwamba sehemu iliyo muhimu zaidi sikuitazamia hata kidogo nilipoanza.

WATU WAZIMA NAO HUCHEZA

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba huko Ulaya na Marekani wako wanaume wenye ndevu, wenye kazi zao na watoto wao, wanaokaa mezani usiku wakiunda vifaru vya namna ile ile ya yule mvulana: vifaru visivyokuwako duniani. Mchezo wao mmoja unaojulikana sana huitwa Warhammer 40,000. Ulitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, ambayo makao yake yako mji wa Nottingham. Hadithi yake ni ya miaka maelfu mengi ijayo, watu wakipigana katika nyota za mbali. Askari wake ni sanamu ndogo zenye kimo cha milimita 28 hivi, na vifaru ni vya kulingana nao, kiasi cha kujaza kiganja cha mtu mzima. Wachezaji wawili hupanga majeshi juu ya meza, hupima mwendo kwa utepe kama fundi cherehani, na hutupa dadu kujua nani kapigwa.

Lakini wengi wao, nasikia, huupenda ufundi kuliko mchezo wenyewe. Kifaru huja katika boksi, vipande vyake vya plastiki vikiwa vimeshikana na fremu kama ndizi na mkungu wake. Fundi huvikata kwa koleo ndogo, hukwangua alama za kalibu kwa kisu, kisha huviunga kwa gundi ambayo si gundi kama tuijuavyo sisi, maana huyeyusha ile plastiki kidogo ili kipande kishikane na kipande viwe kitu kimoja. Kikikauka, hukipaka rangi ya kwanza ya kushika zile nyingine, kama vile sisi tunavyosiriba ukuta kabla ya kupaka chokaa. Halafu rangi yenyewe. Halafu ndio mwanzo wa ujanja: huchukua rangi nyeusi nyepesi kama maji na kuimwagia kifaru chote, ikaingia katika mifereji na pembe na kukaa mle kama kivuli. Ikisha kukauka, huchovya brashi katika rangi nyeupe-nyeupe, huifuta karibu yote kwenye kitambaa, kisha huipitisha juu juu, ikashika kwenye kingo tu. Kufumba na kufumbua kile kidude cha plastiki kinaonekana ni chuma kizito kilichosafiri siku nyingi.

Bei yake haisemeki mbele ya mkulima. Kifaru kimoja huuzwa kwa makumi ya paundi za Kiingereza, na hapo brashi na rangi hujanunua.

Hata hivyo wao nao hawakuanza na utajiri. Katika miaka ile ya kwanza, kabla vifaru vya boksi havijawa vingi, wachezaji walionyeshwa jinsi ya kuunda gari la vita la kuruka angani kwa chupa tupu ya manukato ya kwapani. Naam, ile ya kujipaka watu wasikimbie harufu. Waliilaza chupa, wakaibandika vipande vya karatasi ngumu na vikorokoro vingine, wakaipaka rangi, ikawa chombo cha vita. Sasa mtu aniambie kuna tofauti gani kati ya fundi huyo wa Uingereza na mvulana wetu mwenye kopo la samaki.

KIFARU KILIANZA KUWA HADITHI

Tena kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Kifaru chenyewe kilibuniwa katika hadithi kabla majeshi hayajakitengeneza. Mwaka 1903 mtunzi wa Kiingereza H. G. Wells aliandika katika gazeti la London hadithi ya mashine kubwa za chuma, zenye urefu wa futi 80 hata 100, zikitambaa juu ya mahandaki na askari ndani yake wakipiga risasi kwa utulivu kama makarani ofisini. Watu waliisoma kama tunavyosoma ngano. Miaka kumi baadaye, yaani 1913, mtunzi huyo huyo akatoa kitabu cha kufundisha mchezo wa vita vidogo, kwa askari wa risasi na mizinga ya kuchezea inayorusha vijiti, huko akisema wazi kwamba mtu akisha kucheza vita sakafuni mara chache ataona jinsi vita vya kweli vilivyo upumbavu mkubwa. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya kwanza ikaanza. Na tarehe 15 Septemba 1916, huko Ufaransa karibu na mto Somme, vifaru vya kwanza vya kweli vilitoka mbele ya watu.

Huku kwetu katika mwaka ule ule wa 1916 vita pia vilikuwapo. Wabelgiji walitoka Rwanda na Urundi wakawafukuza Wajerumani. Mwezi Juni waliingia Biharamulo, penye lile boma la Wajerumani, na tarehe 19 Septemba wakaitwaa Tabora, siku nne tu baada ya vile vifaru vya Ufaransa. Lakini hapa hapakuwa na kifaru hata kimoja. Risasi, unga, mahema na vipande vya mizinga vilisafiri vichwani mwa wapagazi, na wengi wa wapagazi wa vita ile hawakurudi makwao. Wenye kupita Kariakoo mjini Dar es Salaam kununua vitenge hawakumbuki kwamba jina lile limetokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza.

Kifaru cha kweli sisi wa mkoa huu, ambao zamani uliitwa Ziwa Magharibi, tulikifahamu katika vita vya nduli Idi Amin. Majeshi yake yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu liliwarudisha kwa vifaru vilivyotoka China, likavuka mpaka wa Mutukula mwezi Januari 1979, na tarehe 11 Aprili mwaka huo Kampala ikaanguka. Baada ya hapo kulikuwa na vifaru vya udongo katika kila uwanja wa shule. Nakumbuka sisi tulivitengeneza vya mgomba, na aliyeshika upande wa Amin ilibidi alipwe muwa ndipo akubali.

Halafu ikaja mwaka 1994. Kwa muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakajaa Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Warundi walikuwa wamekwisha kuanza kuja mwaka uliotangulia. Watoto wa kambini nao walikuwa mafundi. Kopo la mafuta ya kupikia ya msaada lilipokwisha mafuta, watoto walilikata wakalikunja, likawa lori lenye taa na kioo cha mbele. Nami nimepata kuona moja ambalo dereva wake alikuwa punje ya haragwe. Wanyarwanda wengi walirudi kwao Desemba 1996. Kambi ya Warundi ya Lukole ikafungwa mwaka 2008. Mashamba na machunga yakarudia hali yake.

Yalirudia, ndiyo. Lakini si kila kitu kiliondoka na wenyewe.

CHUMA CHA KIHINGA

Hapa ndipo sikutazamia kufika. Asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilaya hii hii ya Ngara, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka. Wanafunzi watano walikufa. Wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa, wakapelekwa hospitali ya misheni ya Rulenge. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule, mtoto mmoja alikuwa ameliokota akadhani ni chuma chakavu.

Chuma chakavu, ndugu wasomaji. Mtoto wa kijiji akiona chuma anaona vitu viwili: fedha ya mnunuzi wa vyuma apitaye na mizani, au kipande cha gari lake la kuchezea. Hakuna mtu aliyemfundisha kuona kitu cha tatu.

Niliposoma habari hiyo upya nilikumbuka ghafula kile kijibomba cha shaba, mzinga wa kifaru cha mwaka elfu tatu. Moyo ukanidunda. Kesho yake nilipanda baiskeli nikarudi kijijini.

Mvulana alikuwa machungani. Nikamngoja. Aliporudi na mbuzi zake nikamwomba anionyeshe kifaru, akakitoa mvunguni mwa ghala, maana amri ya bibi ilikuwa bado inashikwa. Ule mzinga ulikuwa ganda la risasi, tupu, limesagwa kwa jiwe hata likang'aa. Ganda tupu halimwui mtu. Lakini nilimwuliza amelitoa wapi, akasema machungani, penye shimo la zamani, "na kuna kingine kikubwa kama parachichi nimeshindwa kukifungua."

Sitasema mengi. Baba yake aliitwa, mwenyekiti wa kijiji akaitwa, polisi wakapewa habari, na watoto wote wakakatazwa upande ule mpaka watu wenye kazi hiyo watakapopatazama. Mvulana alionyesha mahali kwa kidole, akiwa amesimama mbali, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Hivyo ndivyo ipasavyo: usikiguse, usikitupie jiwe, usikifunike, usikichukue kumpelekea mwalimu. Weka alama mahali uliposimama wewe, si pale kilipo, rudi kwa njia uliyoijia, sema kwa mkubwa.

Bibi yake alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. Nilitegemea aseme, "Nilikwambieni." Hakusema. Alimwuliza mjukuu wake, "Mbona hukuniomba mimi kitu cha kutengenezea?" Naye mtoto akajibu kweli tupu: "Uliukataa mdude wangu, bibi."

VITU VYA KUMPA

Nimelifikiri sana jibu hilo. Mtoto aliyekatazwa mchezo nyumbani hakuacha mchezo. Aliacha nyumba tu, akatafuta vitu vyake porini. Mimi nasema afadhali aunde kifaru chake mezani petu, kwa vitu vyetu, tukikiona. Na vitu tunavyo.

Udongo wa mfinyanzi ndio bora. Uchanganywe na vigae vilivyopondwa, kama wafanyavyo wafinyanzi, usipasuke. Kifaru kikauke kivulini siku kadhaa, wala si juani siku moja. Mgomba ni rahisi kukata lakini baada ya siku nne husinyaa, na kifaru kinakuwa kama mzee mgonjwa. Kopo ni zuri, ila kingo zake zikunjwe ndani na kugongwa kwa jiwe, maana jeraha la bati huleta pepopunda. Kopo lililokuwa na dawa ya kahawa au ya pamba lisichezewe kamwe, hata likioshwa mara kumi. Vilevile ule unga mweusi wa betri za tochi, ambao watoto hupenda kupakia rangi, una sumu; masizi ya chungu ni meusi vile vile na hayana gharama.

Kwa rangi hatuna sababu ya kuwaonea wivu watu wa Nottingham. Ng'ambo ya Rusumo, huko Nyakarambi wilayani Kirehe, akina mama hutengeneza picha ziitwazo imigongo: samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, huinuliwa matuta juu ya ubao, kisha hupakwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu zinazotokana na udongo na majivu na mimea. Samadi na majivu hayo hayo yakipakwa juu ya kopo huficha maandishi yote na hushika rangi. Nimejaribu mwenyewe, na mke wangu ni shahidi, tena shahidi asiyefurahi. Paka udongo mweupe kwanza, ukauke. Paka udongo mwekundu. Koroga masizi katika maji mengi, mwagia, futa. Mwisho chovya kitambaa katika majivu makavu, kikung'ute, pitisha juu ya kingo. Ndiyo kazi ile ile ya mabwana wenye brashi za fedha nyingi.

Na ukitaka kifaru kinachotembea chenyewe, mwendee fundi cherehani umwombe kigurudumu kilichokwisha uzi. Kata meno kwenye kingo zake zote mbili. Katika mpira wa ndani wa baiskeli kata pete nyembamba, ipitishe katika tundu la kigurudumu. Upande mmoja izuie kwa njiti fupi, uibandike njiti hiyo kwa ulimbo isizunguke. Upande wa pili tia kwanza kipande cha mshumaa, duara, chenye tundu katikati, kisha pitisha mpira na uchomeke kijiti kirefu kinachotokeza kupita ukingo na kugusa chini. Zungusha kijiti mara ishirini au thelathini, weka chini, uachie. Kitatambaa polepole, kitapanda kitabu, kitapanda mguu wa paka. Ule mshumaa ndio siri yake: hukifanya kijiti kiteleze taratibu, mpira usifunguke wote kwa mara moja.

Nilikiunda kimoja pale pale uani kwa bibi, kwa kigurudumu nilichokuja nacho mfukoni. Kilipoanza kutambaa kuelekea kwenye ungo wa maharage, yule mama mzee alirudi nyuma hatua mbili, akakitazama, kisha akainama akakishika, akauliza kinakula nini.

Mvulana aling'oa mwenyewe lile ganda la risasi, akampa baba yake. Badala yake nilimpa bua la jani la papai, ambalo lina tundu tayari. Akalipachika, akalipaka masizi, akaridhika.

Wiki mbili baadaye alinitumia salamu kwa mwanafunzi mmoja: bua limekauka, mzinga umepinda chini kama mkonga wa tembo, na wenzake wanamcheka. Anaomba mwanzi. Kifaru chenyewe, aliniambia mwanafunzi huyo, sasa kinalala ndani, juu ya kabati ya vyombo, ila bibi amekigeuza kitazame ukuta.